UZI: Kabla ya kumwambia mwanafunzi "fupisha", amefundishwa kuandika noti?

#1 Mwl_Chaki

Walimu wenzangu, salaam.

Kila anayesahihisha karatasi za Kiswahili anayajua majibu ya lile swali la "fupisha habari uliyosoma kwa maneno yasiyozidi…" Sentensi ya kwanza ya habari imenakiliwa kama ilivyo, mbili zinazofuata zimerukwa, ya nne imechukuliwa nusu, na maneno yanapokaribia kikomo mwanafunzi anaweka nukta hapohapo alipofika. Huko ni kukata habari, si kuifupisha. Watafiti wawili wa Marekani, Ann Brown na Jeanne Day, walilionyesha jambo hili mwaka 1983: wanafunzi wadogo hunakili na kufuta, mstari baada ya mstari, bila kuitazama habari nzima. Kuondoa yasiyo na uzito wanaweza mapema. Kinachowachelewa ni kujitungia sentensi inayobeba wazo la aya ambayo mwandishi wake hakuweka sentensi kuu.

Msimamo wangu ni huu: ufupisho ni kazi ya nne. Kabla yake kuna kuandika noti, kuna kupanga hoja kwenye kiunzi, na kuna kusema jambo kwa maneno yako. Tukiruka tatu hizo, tunamdai mtoto paa kabla ya kuta.

Tuchukue kifungu kimoja ili tuzungumze kwa mfano:

*Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu wanaoota kwenye mahindi, mtama na karanga. Kuvu hao hustawi mahali penye joto na unyevu. Mkulima anapovuna mahindi yakiwa hayajakauka vizuri, akayaanika chini kwenye udongo au akayahifadhi kwenye ghala lisilopitisha hewa, huwa amewakaribisha kuvu hao yeye mwenyewe. Mwaka 2004, watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Ubaya wake ni kwamba sumukuvu haionekani kwa macho, haina ladha wala harufu, na haiondoki kwa kupikwa. Wakulima wanashauriwa kuanika mahindi juu ya turubai au vichanja, kuhakikisha unyevu hauzidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhi, kuziba matundu ya ghala yanayoingiza maji ya mvua, na kutenga punje zilizooza, zilizovunjika au zilizobadilika rangi.*

Maneno 109. Tuseme tunataka yasiyozidi 40.

Usomaji wa kwanza, kalamu iko mezani. Asiguse kitu. Anayeshika kalamu mapema hupigia mstari kila sentensi, na karatasi iliyopigiwa mistari yote ni sawa na isiyopigiwa hata mmoja. Akimaliza, ajibu maswali mawili kwa mdomo: habari inahusu nini, na inasema nini juu ya jambo hilo? "Inahusu sumukuvu" ni jibu la nusu. Jibu kamili ni kwamba sumukuvu huua, huwezi kuigundua kwa macho wala kuiondoa kwa kupika, lakini unaweza kuizuia.

Usomaji wa pili ndio wa noti. Kila hoja maneno 2 hadi 5, na mbele yake neno moja la kichwa:

chanzo: kuvu, joto + unyevu
makosa: mabichi, udongoni, ghala bila hewa
madhara: vifo (2004)
ugumu: haigunduliki, kupika bure
kinga: turubai, ukavu, ghala, kutenga

Neno la kichwa ndilo lenye kazi. Mwanafunzi aliyeandika "watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya" amenakili. Aliyeandika "madhara: vifo" ameelewa kwa nini mwandishi alilileta tukio hilo.

Kisha kiunzi. Hapa tunauliza kipi kinakaa chini ya kipi. "Makosa" yanaingia chini ya "chanzo". Tukio la 2004 ni mfano tu, limening'inia chini ya "madhara". Zinabaki nguzo tatu: inatokeaje, kwa nini ni hatari, inazuiwaje. Nguzo tatu, sentensi tatu.

Halafu wanageuza kifungu kifudifudi. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Akiwa na kiunzi peke yake, mwanafunzi amweleze mwenzake habari hiyo kwa dakika moja, ndipo aandike. Macho yakiwa kwenye kifungu, mkono utanakili tu, hata kwa mwanafunzi mwenye bidii.

*Sumukuvu hutokana na kuvu wanaostawi kwenye joto na unyevu mazao yasipokaushwa na kuhifadhiwa vyema. Huua, lakini haitambuliki kwa macho, ladha wala harufu, na kupika hakuiondoi. Huzuiwa kwa kukausha mazao mbali na udongo, kuzuia maji ghalani na kutenga punje mbovu.*

Maneno 39. Karibuni mwongeze na mkosoe.

#2 KalamuNyekundu_254

Shukrani, Mwalimu. Niongeze upande wa usahihishaji huku Kenya.

Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ufupisho umo kwenye karatasi ya pili ya Kiswahili (102/2). Karatasi nzima ina alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii (lugha katika jamii) 10. Kwa kawaida kifungu huulizwa maswali mawili, kila moja likiwa na kikomo chake cha maneno na sehemu yake ya kifungu. Kosa la kwanza linaanzia hapo: swali limesema "kwa mujibu wa aya mbili za kwanza", naye mtahiniwa anachota hoja kutoka aya ya nne. Hoja ni sahihi, mahali si pake, alama hakuna.

La pili ni nafasi ya matayarisho. Wengi huandika ufupisho mzima pale, kisha wanaunakili kwenye nafasi ya jibu. Wamefanya kazi moja mara mbili na dakika zimewaponyoka. Pale ndipo pa noti na kiunzi alivyoeleza Mwl_Chaki. Mistari mitano sita ya vidokezo inatosha.

La tatu ni utiririko, ambao nao una alama zake. Mtahiniwa akijibu kwa vidokezo vyenye nambari, amezitupa. Jibu ni aya yenye viunganishi. Ila viunganishi visiwe vya kupamba: "pia", "vilevile" na "aidha" vikifuatana katika sentensi tatu hutuonyesha kwamba mwandishi hajui uhusiano wa hoja zake. Kama moja ni chanzo cha nyingine, aseme "kutokana na". Kama zinapingana, aseme "hata hivyo". Kiunzi kikiwa kizuri, kiunganishi hujileta chenyewe.

Maneno yakizidi kikomo, alama hukatwa. Makosa ya sarufi na tahajia nayo hukatwa. Anayejua hoja zote bado anaweza kutoka na alama chache.

#3 BintiPangani

Wakuu, nina maswali mawili. Kwanza, darasa lina wanafunzi 90 na kipindi ni dakika 40. Hatua zote hizo zinaingiaje? Pili, kwenye mfano wa #1 umeiacha asilimia 13.5. Hiyo si ndiyo taarifa muhimu kuliko zote kwa mkulima?

#4 Mwl_Chaki

Dada, nianze na la pili maana ni zito.

Noti huandikwa kwa ajili ya mtu na kazi. Swali la ufupisho linataka sura ya habari nzima kwa maneno machache, na "kukausha" kunabeba wazo. Lakini mwanafunzi wa kilimo anayeandika noti za kuhifadhi mahindi akiiacha 13.5, noti zake hazimfai kitu, kwa sababu "kausha vizuri" kila mtu anajua na hakuna anayejua vizuri ni kiasi gani. Kwa hiyo kabla ya usomaji wa pili aandike juu ya ukurasa: *nasoma ili nifanye nini?* Darasani toa kifungu kimoja kwa makusudi mawili. Nusu ya darasa wafupishe kwa ajili ya mtihani, nusu waandike maelekezo ya mkulima. Wakilinganisha, wataona wenyewe kwamba tarakimu hubaki au huondoka kufuatana na kazi.

Kuhusu muda: dakika 5 kusoma kimya, 8 noti, 7 kiunzi, 5 kusimuliana kifungu kikiwa kimefunikwa, 10 kuandika, 5 kubadilishana madaftari. Hizo ni 40. Lakini usizifanye zote katika kipindi cha kwanza. Vipindi viwili vya mwanzo viwe vya noti tu, cha tatu kiunzi tu, ukitumia kifungu kilekile ili usipoteze muda wa kusoma upya.

Kwa wanafunzi 90, waketi wanne wanne. Kifungu kiandikwe ubaoni, ubao mwingine ubaki wazi kwa kiunzi cha pamoja. Wakati wa kufunika, funika ubao kwa kanga au karatasi za manila, au wageuze viti. Usikusanye madaftari yote. Chukua 12 kwa zamu, moja moja kutoka makundi tofauti, andika makosa matatu yaliyojirudia, kipindi kijacho yaanze hayo.

#5 Nyuzi_za_Lugha

Hatua ya kusema kwa maneno yako inastahili kurefushwa, kwa sababu Kiswahili kina mitego yake hapo.

Mwanafunzi akiambiwa "tumia maneno yako", hutafuta visawe na kubadilisha neno kwa neno. Mfano, sentensi ya kitabu:

*Mvua kubwa iliharibu barabara, hivyo wakulima wakashindwa kufikisha mazao sokoni.*

Naye anaandika: *Mvua nyingi iliharibu njia, kwa hiyo wakulima wakashindwa kupeleka mazao sokoni.* Mifupa ni ileile, ngozi imebadilishwa. Tena usahihi umepungua, kwa sababu "njia" si "barabara". Kusema upya ni kuanzia mahali pengine:

*Mazao ya wakulima hayakufika sokoni kwa sababu barabara zilikuwa zimeharibiwa na mvua kubwa.*

Tumeanza na tokeo tukarudi kwenye chanzo, na kitenzi kimeingia kauli ya kutendwa. Hesabuni: sentensi ya kitabu ina maneno 10, hii ina 13. Waonyesheni wanafunzi jambo hili wazi, maana wengi wanadhani kusema upya na kufupisha ni kitu kimoja. Ufupisho wake ungekuwa: *Uharibifu wa barabara ulizuia mazao kufika sokoni.* Maneno 7. Kitenzi "haribu" kimegeuzwa nomino "uharibifu", na sehemu mbili za sentensi zikawa moja. Zoezi la kugeuza vitenzi kuwa nomino (hama/uhamaji, kosa/ukosefu, ongezeka/ongezeko, pungua/upungufu) lifanyike kwa dakika tano kila wiki. Ndicho chombo chenye nguvu kuliko vyote katika ufupisho wa Kiswahili.

Mtego wa pili ni ngeli. Kisawe kikitoka ngeli nyingine, sentensi nzima lazima ifuate. "Ugonjwa huu unaenea" ukiweka maradhi inakuwa "maradhi haya yanaenea". Mwanafunzi anaandika "maradhi huu unaenea", na akilini anaona amefanya kazi nzuri. "Nyumba zilibomolewa" inakuwa "makazi yalibomolewa". Amri iwe moja: ukibadili nomino, pitia kila kiambishi kinachoitegemea mpaka mwisho wa sentensi.

Wa tatu ni maneno ya mtu ndani ya habari. *Bwana afya alisema, "Nitarudi hapa kesho kukagua ghala hili."* Kwenye ufupisho: *Bwana afya aliahidi kurudi kesho yake kukagua ghala hilo.* Nafsi imebadilika, "kesho" imekuwa "kesho yake", "hili" limekuwa "hilo". Kilicho kizuri zaidi ni kitenzi "aliahidi", kwa sababu kinataja tendo lililofanywa na yale maneno. Wapeni orodha: alionya, alikiri, alikanusha, alisihi, alisisitiza. Anayejua tofauti ya "alidai" na "alithibitisha" ameshajua kusoma kwa makini.

Na kuna maneno yasiyoguswa. Sumukuvu ni sumukuvu. Usanisinuru, katiba, mofimu, riba: istilahi hazitafutiwi visawe. Nimalizie na jambo lisilopendwa: kusema kwa maneno yako hakuondoi deni kwa mwenye wazo. Kwenye insha na ripoti, jina la mwandishi litajwe hata kama hakuna neno lake hata moja lililobaki.

#6 Kijana_wa_Kidato

Shikamooni walimu. Maneno yanahesabiwaje? Kuna wanaosema "na" na "ya" hazihesabiwi.

#7 KalamuNyekundu_254

Marahaba. Zinahesabiwa. Kila kilichotenganishwa kwa nafasi ni neno: "na", "ya", "kwa", "ni", "si". Tarakimu kama 2004 ni neno moja.

Hapo ndipo Kiswahili kinapokusaidia, kwa kuwa kinaweza kubeba mengi ndani ya kitenzi kimoja. "Watu ambao hawana ardhi" ni maneno manne, "wasio na ardhi" ni matatu. "Wakati ambapo mvua ilinyesha" ni manne, "mvua iliponyesha" ni mawili. "Alitoa msaada kwa wajane" ni manne, "alisaidia wajane" ni mawili. "Naye" ni moja, "na yeye" ni mawili. Orodha nazo zikunjwe: "maembe, machungwa na mananasi" ni "matunda"; "mihogo, magimbi na viazi vitamu" ni "mazao ya mizizi".

Usiunganishe maneno ili kuidanganya hesabu. "Kwasababu", "kwahiyo" na "yakwamba" ni makosa ya tahajia. Ulichookoa kwenye hesabu utakipoteza kwenye sarufi.

Njia rahisi ya kuhesabu: kwenye nakala chafu andika maneno 10 kila mstari, hata kama mstari haujajaa. Kikomo cha 40 ni mistari minne. Huna haja ya kurudi mwanzo kila mara ukinyooshea kidole neno moja moja, dakika za mtihani zikikimbia.

#8 DaftariLaKaunta

Mmezungumzia kifungu kilichoandikwa. Noti za kusikiliza ni shida nyingine, kwa kuwa mwalimu akishasema huwezi kumrudia kama ukurasa.

Mpangilio unaofaa ni ule wa Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wa miaka ya 1950. Kwenye karatasi ya A4 piga mstari wa wima sentimita 6 kutoka kushoto, na wa mlalo sentimita 5 kutoka chini. Kwenye daftari dogo, kushoto sentimita 4 zinatosha. Upande wa kulia ni wa noti wakati wa somo. Kushoto panabaki patupu mpaka somo liishe, ndipo unaandika maswali ambayo noti za kulia zinayajibu. Chini ni ufupisho wa ukurasa, sentensi mbili au tatu. Wanafunzi wengi hujaza kulia tu, na daftari lao halina tofauti na madesa ya kunakili. Faida iko kushoto: unafunika kulia kwa karatasi, unasoma swali, unajibu kwa kumbukumbu. Fanya hivyo siku hiyohiyo au kesho yake. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba usahaulifu huenda kasi zaidi mwanzoni.

Vifupisho viwe vichache na viwe na ufunguo kwenye jalada la ndani: mshale kwa "inasababisha", + kwa "na", tz kwa "tatizo", k.m. kwa "kwa mfano". Visionekane kamwe kwenye nakala safi. Na masikio yafunzwe maneno ya ishara. Msemaji akisema "kuna sababu tatu", andika 1, 2, 3 upesi kabla hajazitaja, ili pengo likuonyeshe uliyoikosa. Akisema "hata hivyo", acha unachoandika na usikilize, kwa kuwa mara nyingi jambo analoliamini mwenyewe linafuata hapo.

Mwalimu anayetoa noti kwa imla, neno kwa neno, hawezi kulaumu darasa lisilojua kuandika noti. Aseme kwa dakika 7 hadi 10, anyamaze dakika 2 waandike, aendelee.

#9 BintiPangani

Asanteni sana. Na masomo ambayo vitabu vyake ni vya Kiingereza? Huku Tanzania mtoto wa kidato cha kwanza ametoka msingi akisoma kwa Kiswahili, akifika sekondari Jiografia na Baiolojia ni Kiingereza. Ananakili kwa sababu hana lugha ya kusema upya.

#10 Mwl_Chaki

Hapo ndipo hatua ya kufunika kitabu inasaidia zaidi. Noti za pembeni aandike kwa Kiingereza cha kitabu, maneno matatu manne, istilahi zikibaki kama zilivyo. Kumsimulia mwenzake iwe kwa Kiswahili. Akishindwa kueleza kwa Kiswahili, tatizo ni kwamba hajaelewa, arudi kitabuni. Akiweza, tatizo lililobaki ni la lugha tu, na hilo utalitibu kwa vianzio vya sentensi ulivyovibandika ukutani: vya kueleza chanzo, vya kulinganisha, vya kutoa mfano. Sita vinatosha kwa muhula.

Wapo watakaouliza kuhusu programu za akili mnemba (AI) zinazofupisha kwa sekunde. Zitumieni kama kifungu cha kukosoa. Wape wanafunzi ufupisho wa mashine na habari yenyewe, watafute kilichoongezwa. Kwenye habari yetu ya sumukuvu, sentensi kama "haigunduliki bila vipimo" ni kweli, lakini kifungu hakikusema. Kuongeza elimu yako mwenyewe ni kosa la wanafunzi hodari, na ni gumu kuling'oa kwa sababu wanaona wamesema ukweli.

Wakibadilishana madaftari, waulizane maswali manne tu. Je, ambaye hajasoma habari yenyewe angeielewa kwa ufupisho huu peke yake? Kuna jambo ambalo halimo kwenye kifungu? Kuna maneno matano mfululizo yaliyonakiliwa, ukiacha istilahi? Maneno ni mangapi? Jibu la kila swali liandikwe kwa penseli pembeni, mwenye daftari arekebishe kabla hajakuletea.